Mkaa Usiochafua

Babu aliipokea picha ya marehemu bibi niliyomchapishia, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole gumba shavuni pa bibi. Akakigeuza kidole na kukiangalia. Kilikuwa safi.

"Mkaa gani huu usiochafua, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nimechora kwa kishikwambi. Siku tatu nzima nilitafuta brashi ya kufanana na mkaa aliokuwa akiuokota jikoni kwa bibi na kutuchorea ukutani. Swali lake liliniacha na aibu, kana kwamba nimemletea noti bandia. Ndipo nikaanza kuitafuta nasaba ya brashi ile.

Mwanzoni kompyuta haikujali kufanana na mkaa. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT, Marekani, alieleza programu yake ya Sketchpad: unagusa kioo kwa kalamu ya mwanga, mstari unatokea. Ulikuwa mstari wa kihandisi, mnyoofu. Mwaka 1991 ikaja programu ya Painter ya kampuni ya Fractal Design, iliyouzwa ndani ya kopo la rangi. Watengenezaji wake waliigiza hata karatasi, pamoja na vilima na mabonde yake madogo. Mkaa wa kompyuta ulishika vilimani na kuyaruka mabonde, kama mkaa wa jikoni unavyoruka vishimo vya ukuta.

Nilirudi nyuma zaidi, nikakuta kumbe hata penseli ina historia ya kuigiza. Penseli bora za Ulaya zilitengenezwa kwa grafiti safi ya Borrowdale, Uingereza. Vita vilipowakosesha Wafaransa grafiti hiyo, Nicolas-Jacques Conté alichukua grafiti ya unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanurini. Hataza aliipata mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari hufifia. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Penseli ya HB tuliyoitafuna shuleni imetokana na mbadala huo.

Nilimsimulia babu nikidhani nimejitetea vya kutosha. Alicheka.

"Ya huyo Mfaransa ilichafua. Haya, nionyeshe ulipokosea."

Sikuweza. Kila nilipokosea nilibonyeza kitufe cha kutendua, na kosa likapotea. Ukutani kwake, mstari uliofutwa kwa kiganja ulibaki kama kivuli, na sisi wajukuu tulijua pale mkono wa babu ulisita.

Basi nikachora upya kwa brashi ileile, safari hii bila kutendua hata mara moja. Nilipokosea, nilichora juu yake. Pua ya bibi imepinda kidogo, na kando ya shavu kuna mistari mitatu iliyolitafuta shavu kabla ya kulipata.

Picha zote mbili ziko kwa babu. Aliyoitundika ni hii ya pili.