Kindi, panya na ndoo ya mbegu: tumelindaje tulichopanda?

Ubaruku ni mji wa mpunga. Uko wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ndani ya bonde la Usangu, na ardhi inayofikiwa na maji huko haichezewi. Kwa hiyo bustani ya nyumbani inabanwa mpaka inaishia kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini, madumu yaliyokatwa na viroba vilivyojazwa udongo na samadi, vyote vimepangwa barazani. Mtu anapanda humo nyanya, mchicha, maboga mawili matatu, pengine na mahindi machache ya kuchoma. Siku ya pili au ya tatu anakuta udongo umefukuliwa, mbegu ya boga imebaki ganda tupu, na mche umelala pembeni mizizi ikiangalia juu. Hukumu inatoka palepale: kindi huyo!

Kindi (wengine mnamwita kuchakulo, wengine kidiri) hana mikono misafi. Udongo laini uliotoka kuchimbwa unamvutia, kwa sababu yeye mwenyewe ana tabia ya kufukia chakula chini na kukitafuta baadaye. Kindi wa vichakani tulionao kusini mwa Afrika na hapa kwetu hufukia mbegu mojamoja sehemu mbalimbali, na pua yake ndiyo ramani. Ndoo yako, kwake, inanuka kama akiba ya mtu mwingine. Lakini kindi wetu ni mnyama wa mchana. Jua likizama anaingia kwenye tundu la mti na kulala. Kama jioni uliacha ndoo salama na alfajiri ukaikuta imechimbwa, kindi hakuwepo. Na kama uharibifu umetokea mchana, hebu kwanza angalia kuku wa jirani, maana kuku anapekua kuliko wote na hakuna anayemshitaki.

Anayefanya kazi usiku ni panya. Kosa hili la kumtaja mtu wa mchana kwa kazi ya usiku lina historia ndefu, kwa sababu karibu mbinu zote za zamani za kulinda shamba zilibuniwa dhidi ya adui anayeonekana.

Lugha yenyewe inatuambia. Kiswahili kina kitenzi kizima, kuamia, chenye maana ya kukaa shambani kufukuza ndege na wanyama wasile mazao. Kina neno dungu, yaani ulingo wa miti anaokaa mlinzi ili aone shamba lote. Kina teo na kombeo vya kurushia mawe. Hii ilikuwa kazi inayotambulika, na mara nyingi ilikuwa kazi ya watoto. Mpunga unapoanza kutia maziwa, mtoto alikuwa shambani kabla ya jua kuchomoza, anapiga debe, anapiga kelele, anarusha udongo. Usangu bado inafanyika hivyo, kwa sababu kweleakwelea hajastaafu. Makundi yake yakiwa makubwa kupita kiasi serikali huleta ndege kunyunyizia sumu mahali wanapolala, lakini kati ya ndege moja ya sumu na nyingine, aliyesimama shambani ni binadamu na debe lake.

Dungu halimwoni panya. Kwa panya wazee wetu walitumia vizuizi na mitego. Ghala la kihenge liliinuliwa juu ya nguzo ili lisiguse ardhi, na baadaye watu wakaanza kufunga bati la mviringo kwenye kila nguzo, panya akipanda anagonga mwamba. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya jiko, yakavukizwa moshi. Na mitego ilikuwa na faida ya pili: huko Mtwara, Lindi na sehemu za Ruvuma panya wa shambani ni kitoweo halali na kitamu, kwa hiyo kumtega ni kulinda shamba na kutafuta mboga kwa wakati mmoja. Binafsi naona hii ni moja ya njia zenye akili sana za kudhibiti wagugunaji, na inasikitisha kwamba tumeigeuza utani wa mitandaoni.

Kisha bonde lenyewe likabadilika. Mpunga wa kumwagilia Usangu unahusishwa sana na walowezi wa Kibaluchi walioingia kati ya vita viwili vya dunia na kuchepusha maji ya mito inayoshuka kutoka milimani. Wasangu na wageni wengine wakajifunza na kupanua. Miaka ya 1970, kwa msaada wa China, likajengwa shamba la taifa la Mbarali, zaidi ya hekta 3,000 zenye mifereji na kinu cha kukoboa, na Ubaruku ikakua pembeni yake. Baadaye yakaja mashamba mengine na skimu za wakulima wadogo. Kwa binadamu yalikuwa ni mafanikio. Kwa panya ilikuwa ni karamu isiyo na kiangazi.

Ili uelewe kwa nini, inabidi umfahamu panya mmoja, Mastomys natalensis, tumwite panya-shamba. Ni mdogo, wa kijivu, haoneshi lolote la ajabu. Lakini jike anaweza kuwa na chuchu kati ya 16 na 24, mimba yake ni takriban wiki tatu, na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Kinachomzuia ni mvua. Katika mashamba yanayotegemea mvua huzaliana sana pale majani mabichi na mbegu zinapokuwepo, kisha kiangazi kinampunguza. Utafiti uliofanywa Morogoro na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, ulionesha uhusiano huo waziwazi. Mvua nyingi zikija mapema, nje ya msimu wake wa kawaida, panya wanaanza kuzaa mapema, watoto wanakua na kuzaa wao pia, na miezi michache baadaye unapata mlipuko. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996 na yalitoa kitu ambacho wakulima hawakuwahi kuwa nacho: uwezekano wa kuonywa kabla.

Kwenye skimu za umwagiliaji breki hiyo ya kiangazi inalegea. Uchunguzi katika mashamba ya mpunga ya Mvomero ulikuta panya-shamba wakizaliana mwaka mzima. Maji yapo, majani yapo, punje zipo. Na panya hajali mpaka wa shamba na baraza. Akikosa punje kwenye majaruba yaliyovunwa, anafuata harufu mpaka kwenye ndoo yako ya maboga.

Hofu ya panya nyanda za juu kusini si ya chakula peke yake. Kumbukumbu za tauni katika nchi yetu zinaanzia Iringa, mwaka 1886. Ugonjwa huo, unaobebwa na viroboto wa panya, ulikuja kusumbua sana Lushoto kuanzia 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukagusa zaidi ya watu 7,000. Kwa hiyo mtu anayetaka panya wamalizike wote, leo hii, ana sababu zake, na simcheki.

Ila hapo ndipo historia inapochukua njia ambayo mimi siikubali. Milipuko ya panya Tanganyika inatajwa katika maandishi ya wataalamu wa kilimo wa serikali ya kikoloni tangu miaka ya 1930. Jibu lililokuja kushika nafasi, kabla na baada ya uhuru, lilikuwa sumu, hasa zinki fosfaidi iliyochanganywa na pumba au mahindi. Sababu inaeleweka. Sumu inaweza kununuliwa, kuhesabiwa kwa kilo, kupakiwa kwenye lori na kugawiwa vijijini, na afisa akaandika ripoti. Huwezi kupakia mlinzi wa dungu kwenye lori.

Zinki fosfaidi ikifika tumboni hukutana na asidi na kutoa gesi ya fosfini, panya anakufa haraka. Shida ni yule aliyeonja kidogo tu. Huyo anaumwa, anapona, na hagusi tena chambo cha namna hiyo. Mitaani tunasema panya ana akili za kichawi. Kumbe ni kumbukumbu ya tumbo, na hata wewe unayo kwa chakula kilichowahi kukutapisha. Halafu waliobaki wanapata nafasi na chakula cha waliokufa. Ukiua nusu ya panya shambani wakati tayari wameshafumuka, ndani ya miezi michache pengo linazibwa na uzazi na wahamiaji kutoka vichakani.

Hili si la kwetu peke yetu. Uingereza walileta kindi wa kijivu kutoka Marekani kupamba bustani za matajiri, kuanzia miaka ya 1870. Cecil Rhodes naye akawapeleka Cape Town, na wapo mpaka leo. Kufikia 1937 Waingereza walikuwa wamepiga marufuku kuwaingiza nchini, na miaka ya 1950 serikali ikawa inalipa fedha kwa kila mkia wa kindi utakaoletwa. Mikia ililetwa kwa wingi. Kindi wakaendelea kuenea, malipo yakasimamishwa.

Leo sumu imefika barazani. Sote tunaijua ile spika inayopita sokoni na stendi: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Unapewa kipakiti, mara nyingine hakina hata jina la dawa. Unakiweka kwenye ndoo ya nyanya, usawa wa mkono wa mtoto wa miaka miwili, njia ya kuku, karibu na mboga utakayochuma wiki ijayo. Panya aliyelewa sumu anatoka kufia nje, paka anamla, au bundi. Na bundi ndiye mlinzi wa usiku tuliyemkosa kwenye dungu! Malaysia wamewajengea bundi masanduku ya kutagia kwenye mashamba ya michikichi ili wale panya. Sisi tukimsikia juu ya bati tunamrushia mawe kwa sababu ni uchuro.

Kuna kinga nyingine ya jikoni ambayo wengi hushauriana: pilipili. Hii nayo ina safari yake. Pilipili kali ni zao la Amerika. Ilifika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, na imezoea kiasi kwamba tunaiona ya kwetu. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko Marekani ilitambua kipokezi cha neva kinachohisi ukali wake, kazi iliyomletea Nobel mwaka 2021. Mamalia karibu wote, kindi na panya wakiwemo, wanahisi moto huo. Ndege hawauhisi, kipokezi chao kina umbo tofauti kidogo. Mwaka 2001 watafiti Tewksbury na Nabhan walionesha kwamba hilo linaufaa mmea: panya husaga mbegu za pilipili kwa meno, ndege huzimeza nzima na kuzidondosha mbali. Kwa maana hiyo pilipili ya unga juu ya udongo inamwambia kindi na panya waondoke, kuku anaendelea kupekua kama kawaida. Na ukimwagilia tu, imeondoka. Inasaidia siku mbili, si msimu.

Basi turudi kwenye kizuizi na mlinzi, lakini kwa hesabu nzuri zaidi ya wakati. Tafiti za mahindi hapa nchini zimekadiria hasara ya panya kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mavuno kwa mwaka wa kawaida, na hasara hiyo haitawanyiki sawasawa katika msimu. Inakuja zaidi pale mwanzoni: mbegu ikiwa bado ardhini, na mche ukiwa bado umeshikana na punje yake. Takriban wiki mbili tangu kupanda. Punje ikishaisha wanga, kilichobaki ni jani, na jani halimfukuzishi panya usingizi. Ndiyo maana watafiti wa SUA wanasisitiza kulima vizuri na kuondoa vichaka pembezoni kabla ya kupanda, na majirani kupanda pamoja, ili panya asipate shamba moja moja la kumaliza.

Kwenye ndoo hesabu ni hiyohiyo, tena rahisi. Kata kipande cha wavu wa waya, ule wa banda la kuku wenye matundu madogo kabisa, kipana kuliko mdomo wa ndoo. Kikunje pembeni kishuke, kifunge kwa waya. Hakikisha tundu halipitishi hata penseli. Panya-shamba mchanga anapenya pasipotarajiwa. Kama wavu ni ghali, matawi ya mgunga yenye miiba yaliyosukwa juu ya udongo yanamzuia kindi na kuku, ila panya mdogo atapita. Usifunike kwa kokoto kama umepanda mbegu ndogo, hazitatoka. Mchicha hauhitaji yote haya, mbegu yake ni ndogo mno kumlipa mtu kwa kufukua. Maboga, alizeti, karanga na mahindi ndiyo yanayotafutwa. Siku ya kumi na nne, au jani la tatu likitoka, ondoa wavu, uhamishie kwenye ndoo inayofuata.