Kumbukumbu Isiyokumbuka: Habari za Kompyuta za Zamani na Maneno Yake

Neno kumbukumbu lina kazi nyingi katika Kiswahili: ni ukumbusho wa marehemu, ni maandishi ya mkutano, ni kila kilichohifadhiwa kisisahaulike. Kompyuta za mezani zilipoingia Tanzania, neno hilo lilibebeshwa kazi nyingine iliyo kinyume cha zile za kwanza. Maana kumbukumbu ya mashine husahau yote umeme ukatikapo. Kwa mji kama Kigoma, uliotegemea jenereta za dizeli miaka mingi, hadi mkoa ulipoanza kuungwa na gridi ya taifa mwaka 2022, jambo hili halikuwa dogo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo, na katazo hilo likalegea polepole katika miaka ya 1980. Basi zilipoanza kuenea, zilifika na mipaka iliyokwisha kuwekwa na wengine.

Mpaka mkubwa ulitokana na mashine ya IBM ya mwaka 1981. Chipu yake, Intel 8088, ilikuwa na njia 20 za anwani, nayo haikuweza kufikia zaidi ya baiti 1,048,576. Kilobaiti 640 za chini zilikuwa za programu. 384 za juu zilitengewa kioo, kadi na maagizo ya mashine yenyewe.

Mtu wa pwani ya Tanganyika atafahamu lililofuata akiikumbuka Liemba, meli iliyoletwa vipande vipande na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Vituo vingi vya ziwani havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali kidogo, mashua zikaenda na kurudi kuchukua shehena iliyomo katika ngama. Ndivyo ulivyokuwa mpango wa Lotus, Intel na Microsoft wa mwaka 1985: dirisha la kilobaiti 64 lilifunguliwa katika eneo la juu, likagawanywa mafungu manne ya kilobaiti 16, na shehena ikapitishwa humo kwa zamu. Mwaka 1988 ulitokea mpango wa pili, wa chipu za 80286 na zilizofuata, ambazo zilifika ng'ambo ya megabaiti moja. Kiingereza kiliipa mipango hiyo majina yanayokaribiana mno, hata wenyewe wakichanganyikiwa. Wala kusema “iliyopanuliwa” na “iliyorefushwa” hakusaidii. Afadhali ya kwanza iitwe kumbukumbu ya zamu, na ya pili kumbukumbu ya nyongeza.

Kosa la jina huzaa hasara. Mashine yenye megabaiti 4 ilipoandika kwamba kumbukumbu haitoshi, mtumiaji aliyedhani kuwa kumbukumbu ni mahali pa kuwekea nyaraka alianza kufuta barua zake katika diski. Barua zikapotea, na programu isifunguke. Kumbe kilichojaa ni zile kilobaiti 640 tu.

Dawa yake ilikuwa kuandika MEM /C na kutazama nani amekalia eneo la chini. Tangu DOS 5 ya mwaka 1991 iliwezekana kuwahamisha: katika faili la CONFIG.SYS huanza HIMEM.SYS, hufuata EMM386.EXE, kisha DOS=HIGH,UMB, na programu za kuendeshea vifaa hupandishwa kwa DEVICEHIGH. HIMEM haina budi kutangulia EMM386, kwani EMM386 haisimami bila HIMEM. Mashine ikiganda baada ya hapo, aghalabu kadi ya mtandao na EMM386 zimegombea mahali pamoja; ikiwa kadi iko D000, huongezwa X=D000-D3FF ili pasiguswe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwezi Desemba 2004. Wakati huo DOS ilikwisha kuachwa karibu kila mahali, na waliofuta barua zao walikuwa wamezifuta kwa kufuata onyo la Kiingereza.