Magari ya Kiingereza katika Nchi ya Meru na Embu

Gari la kale la Kiingereza haliwezi kuelezwa vyema katika nchi ya Meru na Embu bila kwanza kueleza barabara, kwa kuwa mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, kama vile Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita, imechimba mabonde ambayo kila njia ya kutoka Embu hadi Meru kwa upande wa Chuka ililazimika kuyashuka na kuyapanda. Udongo wa huko ni mwekundu, wa asili ya volkano, wenye rutuba ya kutosha kahawa na chai, lakini masika yakianza hugeuka utelezi ambao hata mtembea kwa miguu huuhofia. Hadi lami ilipotandazwa katika miaka ya 1980, barabara hiyo ndiyo iliyoamua ni gari gani la kigeni litakaa na lipi litarudi Nairobi.

Gari la michezo la Kiingereza, yaani gari dogo la viti viwili, lenye paa la turubai na tumbo lililo karibu na ardhi, lilikuwa na enzi yake kati ya miaka ya 1950 na 1970, kampuni ya Triumph ilipotoa TR2 mwaka 1953 na Spitfire mwaka 1962, nacho kiwanda cha MG cha Abingdon kikatoa MGA mwaka 1955 na MGB mwaka 1962. Magari hayo yaliufaa mji wenye lami. Kupanda nayo Chuka wakati wa mvua kulikuwa kujitakia kuvutwa kwa kamba.

Lililokaa ni Land Rover. Gari hilo lilioneshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini kwa sababu Uingereza, iliyotoka vitani, ilikuwa na uhaba wa chuma. Fremu yake, hata hivyo, ni ya chuma, na ndiyo inayoliwa na kutu hadi leo. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na Meru na Embu zikawa ndani ya eneo la mapambano dhidi ya Mau Mau, Land Rover ilikuwa gari la polisi na la wakuu wa wilaya, kwa hiyo wenyeji wengi hawakuijua kwanza kwa wema. Baada ya uhuru magari yale yale yalirithiwa na mabwana shamba na askari wa wanyamapori wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka 1966, kisha yaliyochakaa yakauzwa kwa mnada, na hivyo gari la mtawala likaishia kubeba magunia ya mkulima.

Fedha za kununulia gari zilitokana hasa na kahawa. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Waafrika kuruhusiwa kulima zao hilo katika miaka ya 1930, wakati walowezi wakilipinga jambo hilo, na mpango wa serikali wa kilimo, wa Swynnerton, wa 1954 ukakipanua kilimo hicho. Baridi kali ilipoangamiza mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ya kahawa ilipaa katika miaka miwili iliyofuata. Lakini kufikia wakati huo Peugeot na Datsun zilikwisha kujijengea jina, na sababu mojawapo ni mashindano ya magari ya Safari Rally.

Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya matope, yalipitia mara nyingi njia za kuuzunguka Mlima Kenya. Mwaka 1963 ni magari 7 tu kati ya 84 yaliyofika mwisho. Ford za Kiingereza nazo zilipata ushindi wake: Cortina GT mwaka 1964, Escort ya Hannu Mikkola na Gunnar Palm mwaka 1972, wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na Escort ya Björn Waldegård mwaka 1977. Zote zilikuwa magari ya familia yaliyotiwa nguvu. Gari la Kiingereza la viti viwili halikuwahi kushinda hata mara moja.

Kizazi kilichokuwa shule ya msingi mwaka huo wa 1977 ndicho kinachostaafu sasa, kwa kuwa tangu 2009 mtumishi wa umma wa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60, na wapo wanaotamani kutumia sehemu ya kiinua mgongo kununua gari la utotoni. Kanuni ya jumla inazuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, hivyo mstaafu hutafuta lililoingia zamani, ambalo kwa kawaida lina historia ndefu ya mafundi. Boliti zake ni za vipimo vya inchi, ilhali spana za gereji nyingi ni za milimita; MGB ya kabla ya 1967 imefungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, na fundi asiyejua hilo huweza kuunguza vifaa vya umeme. Petroli yenye risasi, iliyokinga viti vya valvu, yaani mahali valvu inapokalia ndani ya injini, iliondolewa sokoni kufikia 2006, kwa hiyo injini ya zamani huhitaji viti vigumu zaidi. Tena mji wa Meru uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa Uingereza humwaga petroli nyingi mno hadi plagi zikashika masizi.

Mengi ya matatizo hayo yapo pia kwenye Land Rover ya petroli ya Series II, iliyoanza 1958, lakini hiyo imezoeleka kwa mafundi na kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nayo hupita hata pale lami inapoishia. Mstaafu wa Meru au Embu na aanze na hiyo; MGB iwe gari la pili.