Kijiji Kilichoahidiwa Maji: Deni la 1974 katika Tarime na Serengeti

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti kuna jukwaa la saruji ambalo mgeni hulidhania msingi wa nyumba iliyoachwa. Nilipofika hapo na wanafunzi wangu, akina mama walikuwa wameanika mihogo juu yake. Mzee aliyetupokea alitueleza kuwa hapo ndipo ilipokuwa pampu ya maji. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa pampu ikifanya kazi. Wa tatu alizaliwa ikiwa imekwisha kunyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jukwaa hilo kila tunapojadili huduma za vijijini, kwa kuwa linatukumbusha jambo tunalopenda kuliruka: vijiji hivi havikujiotea. Viliundwa kwa amri, na amri hiyo ilifuatana na ahadi.

Kabla ya amri, Wakurya wa Tarime waliishi katika maboma yaliyotawanyika, nyumba zikiwa zimezunguka zizi la ng'ombe. Upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme nao walikuwa na utaratibu wao wa makazi. Kutawanyika huko hakukuwa vurugu, kama maofisa wa kikoloni, na baadaye wa kwetu, walivyodhani. Familia ilichagua mahali kwa kuangalia chemchemi, malisho na udongo. Huduma kwa maana ya shule na tiba zilikuwa chache, na nyingi zilitoka mikononi mwa misheni. Wamennonite, kwa mfano, walifika Shirati mwaka 1934. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, nafasi ya kuhama na kuchagua ilizidi kupungua.

Azimio la Arusha la 1967, na maandiko yaliyolifuata, yaliwaalika wananchi kuishi pamoja kwa hiari. Novemba 1973 hiari hiyo ilikoma: Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kila mwananchi wa mashambani awe anaishi kijijini ifikapo mwisho wa 1976. Mkoani Mara, mkoa wake mwenyewe, operesheni ilifanyika mwaka 1974, mwaka uleule ambao Serengeti ilifanywa wilaya, makao yake yakiwa Mugumu. Hoja iliyotolewa kwa wananchi ilikuwa nyepesi kueleweka: serikali haiwezi kufikisha bomba, shule na zahanati katika kila boma, sogeeni pamoja, nasi tutazileta.

Hoja hiyo haistahili kubezwa, kwani sehemu yake ilitimizwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Vijiji vilifyatua matofali, vikajenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini. Ubora ulilalamikiwa, na kwa haki, lakini shule ilifika. Iliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake ilikuwa nguvu za wanakijiji wenyewe.

Maji yalikuwa jambo jingine. Mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971 ulilenga kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na makazi yake ifikapo 1991. Lakini pampu haiendeshwi kwa matofali. Inahitaji dizeli, vipuri na fundi, na vyote vilitoka mbali. Wakati huohuo, vyombo ambavyo vingeweza kusimamia mambo hayo karibu na mwananchi vilikuwa vimeondolewa: halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Serikali za mitaa hazikurejea hadi 1984. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa haba na mafuta yakaadimika. Pampu ilipoharibika, hapakuwa na mtu kijijini mwenye mamlaka, fedha wala wajibu wa kuitengeneza. Mwananchi alikuwa ameiacha chemchemi yake, na bomba alilofuata limekauka.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza idadi ya visima. Historia ya Bengali inatuonya. Kuanzia miaka ya 1970, Bangladesh ilichimba visima vya pampu za mkono kwa wingi, kwa nia njema ya kuwaepusha watu na maji machafu ya madimbwi. Katika miaka ya 1990 ikabainika kuwa vingi kati ya visima hivyo vilitoa maji yenye sumu ya aseniki. Takwimu za visima zilikuwa nzuri. Maji hayakuwa salama. Nasi tuna funzo letu wenyewe: Mei 2009, huko Nyamongo wilayani Tarime, maji yenye tindikali kutoka Mgodi wa North Mara yalivuja na kuingia mto Tigithe, ambao wananchi waliutegemea wao na mifugo yao. Kwa hiyo swali la huduma ni pana kuliko idadi. Ni nani anayepima maji hayo, na matokeo anamsomea nani?

Sipuuzi yaliyofanyika. Umeme wa REA umefika katika vijiji ambavyo wanafunzi wangu wa kwanza walivikuta vikiwaka vibatari. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo kinachoeleweka: kituo kimoja kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 2019 RUWASA ilianzishwa ili kusimamia maji vijijini. Lakini hata chombo kizuri kitarudia kosa la zamani iwapo wanakijiji wataendelea kuwa wapokeaji tu. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Huko ndiko daftari la mapato na matumizi ya maji linakopaswa kusomwa kwa sauti, mbele ya akina mama wanaobeba ndoo.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wasilizungumzie bomba kama hisani ya serikali yoyote. Kizazi cha 1974 kililipa mapema: kililipa kwa maboma yaliyobomolewa, mashamba yaliyoachwa na makaburi ya wazee yaliyobaki nyuma bila mtunzaji. Kilichobaki ni upande wa pili wa mapatano kutimizwa. Nanyi wanafunzi, mkienda vijijini kukusanya takwimu, msiishie ofisi ya mtendaji. Chukueni ndoo, mfuateni binti anayekwenda kuteka, mhesabu hatua zake kwenda na kurudi. Mzee yule wa Serengeti hakutuomba msaada. Alituuliza tu kama katika vitabu vyetu imeandikwa mahali popote kwamba waliahidiwa.

Nilimjibu kuwa imeandikwa.