Shamba la Shilingi 300,000

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba, Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba. Alilirithi kwa baba yake, tena kwa wosia halali, lakini uzee ulikuwa umemwelemea na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo, alilipa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu mmoja wa kiume wa ukoo alikuwa ameshafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha: mauzo ni batili, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo.

Hakuwa amejitungia. Mila za Wahaya wa Kagera zilikuwa zimeandikwa kitabuni na Cory na Hartnoll tangu 1945, na mwaka 1963 Tangazo la Serikali Na. 436 likaziingiza kanuni za urithi katika sheria za nchi. Kanuni ya 20 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza, labda ukoo uwe hauna mwanamume hata mmoja. Mwanamume je? Yeye aliweza kuuza. Akiuza bila ridhaa ya ukoo, ndugu walikuwa na haki ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei yake, basi. Kwake yeye mauzo yalikuwa na dawa; kwa dada yake yalikuwa batili tangu mwanzo.

Kashasha wakaamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ikatengua, kwa kuwa Katiba ilikuwa na sehemu ya haki za binadamu tangu 1984, ingawa mahakama ziliruhusiwa kuisimamia kuanzia Machi 1988 tu. Bi Holaria angeuza mwaka mmoja kabla, asingekuwa na pa kushika.

Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya. Februari 1990 aliamua kwamba Kanuni ya 20 inavunja Katiba, na tangu siku hiyo isomwe kana kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Usawa huo, watu husahau, ulikuwa na makali pande zote mbili: ndugu yule naye alipewa miezi sita alikomboe shamba kwa shilingi 300,000, kama ambavyo angelikomboa kwa mwanamume. Asipolipa, ni la mnunuzi. Kwangu hapo ndipo hukumu ilipo na busara zaidi. Haikuuvunja ukoo, iliutaka ulipe.

Sheria za ardhi za 1999 zilifuata njia hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba sharti liwe na wanawake watatu.

Urithi ukaachwa nyuma. Wajane wawili walionyimwa mali za waume zao na kufukuzwa majumbani pamoja na watoto wao walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ilikiri kwamba mila za urithi za Tangazo Na. 436 ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa 2010 kwa kasoro za kiufundi. Machi 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imeuvunja mkataba huo. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu hukumu ya Mwanza, na Tangazo Na. 436 lilikuwa bado vitabuni.