Mtoto mmoja, fishi tatu

Wengi wetu tunaofanya kazi na orodha hapa Bukavu tumeshaulizwa hili: mtu mmoja ana mistari mitatu, tuifanye vipi iwe mmoja? Tunadhani ni swali la kompyuta. Kumbe ni la zamani.

Agosti 1914 Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi Geneva ya kutafuta wafungwa wa vita. Kila orodha iliyofika ilinakiliwa jina kwa jina kwenye fishi, mpaka zikafika milioni 7 hivi. Askari mmoja aliweza kuonekana hospitalini, kisha kambini, kisha kwenye barua ya mama yake anayemuulizia. Kazi ilikuwa kuzikutanisha fishi hizo mahali pamoja. Zisipokutana, mama hapati habari, na habari zenyewe zimo sandukuni.

Kwetu jambo hili lilikuja Julai 1994, wakimbizi walipovuka Ruzizi. Kambi zikajaa: Kashusha, INERA, Panzi. Katika Maziwa Makuu yote, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa wakiwa wametengana na wazazi. Sasa fikiria mtoto aliyeandikwa Panzi, akahamishwa Kashusha, akaandikwa tena. Jina halisaidii sana. Mnyarwanda si lazima achukue jina la baba, na sisi Washi tunajua shida ya maandishi: Cirhuza, Chirhuza, Ciruza, ni huyo huyo! Ongeza amri ya Mobutu ya 1972 iliyofukuza majina ya kizungu: mzee wa Mumosho anaweza kuwa Joseph kwenye kitabu cha parokia, na kwa serikali asiwe Joseph.

Njo maana ukikusanya mistari, usishike jina. Shika namba, moja kwa kila mtu. (Mimi nimeshawahi kuunganisha wawili wakawa mmoja, walikuwa shangazi na binti wa kaka yake.) Kisha panga mahali kwa tarehe: Panzi, halafu Kashusha. Ukiiachia programu ipange kwa alfabeti, Kashusha inatangulia, na mtafutaji anatumwa Panzi, kambi ambayo mtoto ameshaiacha. Mwishoni mwa 1996 vita ikavunja kambi zote, na fishi ya mwisho njo ilibaki kusema mtoto alikuwa wapi.

Na mistari ya kwanza isifutwe hata ukishaiunganisha. Fishi za Geneva bado zipo. Siku hizi zinasomwa kwenye intaneti, na wajukuu wanatafuta humo majina ya babu zao.