Seli Hazisahau Zilipolelewa

Leo naacha programu kidogo tuzungumzie kumbukumbu ya aina nyingine.

Kila aliyeandika programu anaijua aibu hii: kwenye kompyuta yako inakimbia vizuri, ukiipeleka kwa mteja inagoma. Mazingira ya majaribio si mazingira ya kazi. Wanabiolojia nao walikuja kugundua kitu kama hicho, tena chao ni kizito zaidi: seli ikihama, inahama na mazingira yake ya zamani.

Kwa miongo mingi seli zimekuzwa kwenye vyombo vya kioo, kisha vya plastiki. Plastiki hiyo ni ngumu kuliko ubongo zaidi ya mara milioni moja, lakini chombo kilionekana ni chombo tu.

Mwaka 2006, Adam Engler, Dennis Discher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliziweka seli shina za uboho juu ya jeli za ugumu tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo zilielekea kuwa kama seli za neva. Kwenye ugumu wa msuli, za misuli. Kwenye jeli ngumu zaidi, za mfupa. Ndani ya wiki ya kwanza kemikali ziliweza kuzigeuza. Baada ya wiki kadhaa, wapi! Samaki mkunje angali mbichi.

Seli inajuaje ugumu? Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo huko Padova, Italia, lilionyesha kuwa protini za YAP na TAZ huingia kwenye kiini cha seli iliyo mahali pagumu, zikawasha jeni. Mahali laini, hubaki nje.

Mwaka 2012 kundi la Boris Hinz huko Toronto, Kanada, lilikuza seli za mapafu wiki 3 mahali pagumu kama kovu. Zikahamishiwa mahali laini, lakini wiki 2 baadaye bado zilikuwa na tabia za kovu.

Mwaka 2014 kundi la Kristi Anseth huko Colorado, Marekani, lilitumia jeli inayolainishwa kwa mwanga. Seli zilizokaa muda mfupi kwenye ugumu zilisahau. Zilizokaa siku 10 kwenye plastiki ngumu zilibaki na YAP ndani ya kiini. Kwa lugha yetu, data ilitoka RAM ikaandikwa kwenye diski.

Diski yenyewe ni ipi? Mwaka 2017 kundi la Hinz lilitaja sehemu yake moja: kipande kidogo cha RNA kiitwacho miR-21. Walipokipunguza, kumbukumbu ya ugumu ikafutika.

Hili si la maabara peke yake. Seli shina za kutibu watu huzidishwa kwanza kwenye plastiki. Ukitaka zizuie kovu, na wewe umezilea juu ya kitu kigumu kuliko kovu lolote, umeshazifundisha kazi usiyoitaka.

Basi kabla hujalaumu seli, uliza kwanza imelelewa wapi.